Lipia Jina, Usilipie Hadithi: Mwongozo wa Kununua Nishani za Vita

Muuzaji anataka jibu leo. Anasema nishani aliyonayo ni ya askari wa Keya aliyepigana Bama, imetoka mikononi mwa familia, na kuna mtalii aliyeahidi kuichukua kesho asubuhi. Hana karatasi yoyote. Ana hadithi tu, na hadithi hiyo keshaiingiza kwenye bei.

Kanuni ya kukusaidia ni moja: lipia kile unachoweza kukisoma, kukipima na kukihakiki. Hadithi isikuongezee hata shilingi.

Nishani nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki ni za Uingereza. King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na ambalo wazee wetu waliliita Keya, lilipigana katika vita vyote viwili vya dunia. Chache ni za Mjerumani, na chache zaidi zinahusu masultani na sherehe za wafalme. Kila kundi lina bei yake na lina namna yake ya kughushiwa.

Bidhaa ni za aina nne

Ya kwanza ni halisi yenye jina. Ukingoni pamegongwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Hii ndiyo ghali, na ndiyo inayostahili kuwa ghali, kwa sababu mtu huyo unaweza kumtafuta kwenye kumbukumbu.

Ya pili ni halisi isiyo na jina. Imetengenezwa na serikali, lakini haisemi ilikuwa ya nani. Bei yake ni ya chini, na inapaswa kubaki chini hata muuzaji akikuapia kwamba ilikuwa ya babu yake.

Ya tatu ni nakala ya wazi. Imetengenezwa miaka ya karibuni, inauzwa kama nakala, na mara nyingi ukingoni ina neno COPY. Kama unataka kitu cha kuweka kwenye fremu pamoja na picha ya babu sebuleni, hii inakutosha na haina aibu yoyote.

Ya nne ni bandia. Inaweza kuwa nakala iliyopigwa tupa ili neno COPY litoke, kipande kilichosubiwa kwenye kalibu, au nishani halisi iliyofutwa jina la mtu mmoja ikaandikwa la mwingine. Ukiambiwa mgawane shaka nusu kwa nusu, kataa. Punguzo haliigeuzi bandia kuwa halisi.

Vita vya Kwanza: shilingi yako inafika mbali

Kwa mnunuzi wa kipato cha kawaida, hapa ndipo mahali salama pa kuanzia. Kuna nishani mbili kuu. British War Medal ni ya fedha ya kiwango cha 925: upande mmoja ina kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili mpanda farasi aliye uchi, na farasi wake anakanyaga ngao ya adui. Victory Medal ni ya shaba na ina umbo la Ushindi lenye mabawa. Zote zina kipenyo cha milimita 36.

British War Medal za fedha zilitolewa zaidi ya milioni 6. Wingi huo unakufaa wewe. Kwa wafanyabiashara wa London, moja ya askari wa kawaida wa Kiingereza huuzwa kwa makumi ya pauni. Zenye jina la askari wa Keya huenda juu zaidi kwa sababu zinatafutwa. Basi mtu akikutajia mamia, dai uone kwa macho yako kilichoipandisha.

Shika nishani chini ya lenzi ya sonara uangalie ukingo. Herufi za nishani hizi ziligongwa kwa mashine. Zina kina kinacholingana, ncha zake ni kali, na kuna alama ndogo ya chuma kilichosukumwa pembeni ya kila herufi. Jina lililokwaruzwa kwa sindano huonyesha mikato, na mistari yake huanza nyembamba ikaishia nene. Lililoandikwa kwa mashine ya leza lina kina kifupi mno, na chini ya lenzi huonekana kama limeungua.

Sasa pima kipenyo kwa kalipa. Kufuta jina la zamani kunahitaji ukingo usagwe, na ukingo ukisagwa nishani inapungua. Pima wima, pima mlalo, kisha pima pale jina lilipo. Ukipata milimita 35 na nusu mahali panapopaswa kuwa 36, kuna mtu aliwahi kupitisha tupa hapo. Nishani yenyewe inaweza kuwa halisi, lakini jina si lake, na thamani iliyobaki ni ya fedha yake tu.

Fedha iliyo ndani ya nishani ina faida nyingine. Sonara yeyote wa Mombasa, Zanzibar au Kariakoo anaweza kukupimia kama ni fedha kweli na kukuambia uzito wake unauzwaje leo. Bei hiyo ndiyo sakafu. Anayekuuzia British War Medal chini ya sakafu hiyo ama hajui alichonacho, ama anajua vizuri sana. Mara nyingi ni la pili.

Vita vya Pili: nyota hazina majina

Hapa ndipo wajukuu wengi wanapoibiwa. Askari wetu walikwenda Uhabeshi na Somalia, kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapigana Bama mwaka 1944. Walichopata ni nyota za shaba ya njano zenye ncha sita, yaani 1939–45 Star, Africa Star na Burma Star, pamoja na nishani za duara kama War Medal.

Serikali ya Uingereza ilizitoa nyota hizi bila kuandika majina. Za Afrika Kusini na Australia ziliandikwa. Kwa hiyo Burma Star tupu mkononi mwa muuzaji wa Nairobi haiwezi kuthibitishwa kuwa ya Juma wala ya John. Lipa bei ya nyota tupu. Jina likiwa limechongwa nyuma, huenda familia ililichonga kwa fundi, au muuzaji alilichonga wiki iliyopita. Bila karatasi ya kuambatana nalo, halina bei.

Kinachoweza kupandisha thamani ni karatasi: kitabu cha utumishi, barua ya kuachishwa jeshi, kisanduku cha posta kilichokuja na nishani, picha ya mwenyewe amezivaa. Karatasi hizo nazo zikague. Namba ya askari kwenye kitabu ilingane na ya kwenye barua, na wino usiwe mbichi kuliko karatasi.

Kagua pia kama seti inaingiana. Mtu aliyestahili Burma Star na Pacific Star alipewa moja tu, na ya pili ikawakilishwa na kibao kwenye utepe. Ukikuta zote mbili zimefungwa pamoja kama za mtu mmoja, seti hiyo imeungwa sokoni. Africa Star nayo ilitolewa kwa utumishi wa kati ya tarehe 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943. Muuzaji akisema babu aliipata kwa vita vya mwaka 1944, hesabu zake haziendi.

Nyota zote hizi hazilingani bei. Nyingi ni za bei ya chini, ila Air Crew Europe Star, ya marubani na wenzao walioruka kutoka Uingereza kwenda Ulaya, huuzwa kwa mamia ya pauni. Ndiyo maana inaongoza kwa kughushiwa. Kama huna uzoefu, iache ipite.

Africa General Service: tazama kichwa cha mfalme

Nishani hii ya fedha ilianzishwa mwaka 1902 kwa ajili ya vita vidogo vya ukoloni barani Afrika. Juu ya utepe wake hukaa vibao vyenye majina ya vita, na kibao ndicho kinachobeba bei. Cha Jubaland au cha Somaliland kinaweza kuizidishia nishani thamani mara kadhaa, kwa hiyo wajanja hawahangaiki na nishani. Wanaghushi kibao.

Kuna jaribio lisilohitaji zana. Nishani hii ilitolewa ikiwa na vichwa vya watawala watatu: Edward wa Saba, George wa Tano na Elizabeth wa Pili. Yenye kichwa cha Elizabeth ilitolewa na kibao kimoja tu, KENYA, kwa ajili ya vita dhidi ya Mau Mau kuanzia mwaka 1952. Ukiona Elizabeth chini ya kibao cha Somaliland, mtu amechukua nishani ya bei ndogo akaivisha kofia ya bei kubwa. Ukiambiwa ina kichwa cha George wa Sita, rudisha pesa mfukoni.

Angalia pia jinsi vibao vilivyoungwa. Vya asili hukaa sawasawa na kushikwa kwa misumari midogo. Lehemu inayong'aa, pengo lisilo sawa au waya uliopindwa ni dalili ya kazi ya juzi.

Za Mjerumani: sumaku kwanza

Msalaba wa Chuma wa mwaka 1914, daraja la pili, ulitolewa kwa mamilioni, kwa hiyo ulio halisi bado unapatikana kwa bei ya wastani Ulaya. Kwa kawaida umeundwa kwa vipande vitatu: kiini cha chuma cheusi katikati, na fremu mbili zenye rangi ya fedha zilizoungwa kukizunguka. Weka sumaku katikati. Ikishika, endelea kukagua. Isiposhika, muuzaji ana kazi ya kueleza. Kisha tazama kwa lenzi mahali kiini kinapokutana na fremu. Bandia za bei rahisi zimesubiwa kipande kimoja kisha zikapakwa rangi, na hapo hapana mwungano wowote.

Msalaba huu hauna jina. Kauli kwamba ulivaliwa na ofisa wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani huku Afrika Mashariki, ni hadithi nyingine ya kuuzwa bila karatasi. Nishani ya kikoloni ya Mjerumani, iliyoanzishwa mwaka 1912, ina mtego uleule wa vibao: nishani tupu ni ya bei nafuu, kibao cha vita fulani ni ghali, na vibao vimeghushiwa sana.

Za kisiasa: mapambo mengi, nishani chache

Medali za kutawazwa kwa Malkia mwaka 1953 na za jubilei ya mwaka 1935 zilizotolewa rasmi ni za fedha, zina kipenyo cha karibu milimita 32, na za Uingereza hazikuandikwa majina. Miaka hiyohiyo kulitengenezwa vidude vya ukumbusho visivyohesabika, vya bati au shaba nyepesi, vilivyouzwa madukani na kugawiwa watoto wa shule. Hivi si bandia, lakini si nishani. Usivilipie bei ya fedha.

Nishani ya Nyota ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Sultani Barghash mwaka 1875, ni habari nyingine kabisa. Ina enameli, ni adimu, na bei yake si ya mtu anayebana matumizi. Enameli ya kweli ni kioo kilichoyeyushwa: ni ngumu, baridi, na ikivunjika huacha ufa mkali. Ya bandia ni rangi au gundi ngumu, na chini ya lenzi utaona mapovu na kingo laini. Usiinunue mtaani kwa bei yoyote. Ya kweli itakuja na historia ya mauzo yake kwa maandishi.

Nishani za taifa za sasa, ziwe za Kenya au za Tanzania, zinasimamiwa na sheria. Usizinunue wala kuzivaa kabla ya kupata maelezo kwa maandishi kutoka ofisi ya serikali inayohusika.

Zana tano zisizokausha mfuko

Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Kalipa. Mizani ndogo ya sonara. Sumaku. Tochi ya mwanga wa zambarau, ileile wanayotumia mawakala wa pesa kukagulia noti. Zote kwa pamoja hugharimu kidogo kuliko kosa moja.

Tochi ni ya utepe. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa buluu au nyeupe chini ya mwanga huo, za pamba za kale hazing'ai. Lakini utepe mpya hauiharibu nishani, kwani utepe huchakaa na kubadilishwa. Utepe unaong'aa unakuambia jambo moja tu: kwamba maneno “haijaguswa tangu vita” ni uongo. Tumia hilo kushusha bei.

Lenzi itakuonyesha pia kama kitu kimesubiwa. Nishani halisi za aina hii ziligongwa kwa mhuri wa chuma, kwa hiyo nywele za mfalme na mikunjo ya nguo ni kali na uwanda ni laini. Kilichosubiwa kina vitobo vidogo kama vya sindano, sura iliyofifia, na wakati mwingine mstari mwembamba umezunguka ukingo. Chuma husinyaa kikipoa, hivyo nakala hiyo huwa ndogo kidogo kuliko ya asili.

Weusi wa zamani umekaa ndani ya mashimo na ni mgumu kutoka. Weusi wa kutengenezwa umepakwa kila mahali, na pamba kavu inaweza kuutoa. Nusa: rangi ya viatu na kemikali hujitaja zenyewe.

Ununue wapi?

Duka la vitu vya kale mjini lina faida moja kubwa: unashika kitu kabla ya kulipa. Hasara yake ni bei ya mtalii na ukosefu wa dhamana. Omba risiti inayosema “halisi, Vita vya Kwanza, itarudishwa ikithibitika vinginevyo ndani ya siku 14”. Anayekataa kuandika hivyo keshakujibu.

Mtandaoni kuna uchaguzi mpana, lakini unanunua picha. Dai picha za ukingo wote, nyuma, na kalipa ikiwa imebana nishani. Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai fedha zako. Pesa iliyotumwa kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi, hesabu kwamba imekwenda.

Nyumba za mnada za Ulaya ndizo salama zaidi kwa uhalisi, kwa sababu zina wataalamu na jina la kulinda. Ni huko pia makato yanapojificha.

Hesabu halisi ya pauni 100

Tuseme umeshinda mnada kwa pauni 100. Ada ya mnunuzi, ambayo kwa kawaida ni kati ya asilimia 20 na 30, tuiweke 24: pauni 24. Kodi ya ongezeko la thamani ya Uingereza, asilimia 20, juu ya ada hiyo: pauni 4.80. Usafirishaji wenye bima, tuseme pauni 25. Umefika 153.80.

Mzigo ukitua Kenya, VAT ya asilimia 16 inaongeza kama pauni 24.60. Tanzania ni asilimia 18. Ile ya pauni 100 sasa imepita 178, na bado hujahesabu ushuru wa forodha, ada ya kampuni ya usafirishaji kwa kukutolea mzigo, na makato ya benki kwa kubadilisha fedha. Kwa hiyo, ukiwa na bajeti ya 100, dau lako la mwisho mnadani liwe karibu na 40.

Hati ya uhalisi nayo inaweza kuwa gharama ya bure. Thamani yake haizidi ya aliyeitia saini, na hati ya muuzaji kwa bidhaa yake mwenyewe ni karatasi tu.

Kabla ya kununua, omba bure

Kama unachotafuta ni nishani ya babu yako wa Vita vya Pili na hakuwahi kuichukua, anzia ofisi ya nishani ya wizara ya ulinzi ya Uingereza. Nishani ambazo hazikudaiwa hutolewa bila malipo kwa mwenyewe au mrithi wake wa karibu kisheria. Kazi ngumu ni ushahidi: namba ya jeshi, kikosi, na karatasi za undugu. Huchukua muda, lakini hugharimu stempu na subira. Za Vita vya Kwanza hazitolewi tena.

Kwa kuhakiki jina lililo ukingoni, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew ina kadi za nishani za Vita vya Kwanza. Kutafuta jina mtandaoni ni bure, kuipata kadi yenyewe kuna ada ndogo. Askari wa Kiafrika hawapatikani kirahisi kama wa Kiingereza, na makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia. Tegemea namba zaidi ya tahajia.

Ukishanunua, usisugue. Nishani iliyong'arishwa kwa dawa ya shaba hupoteza ukali wa sura na hupoteza bei. Piga picha ya pande zote na ukingo, uhifadhi pamoja na risiti.

Uamuzi

Una fedha ya nishani moja tu? Nunua British War Medal au Victory Medal yenye jina, kipenyo cha milimita 36 kamili na ukingo usioguswa. Unataka kumbukumbu ya babu wa Bama? Omba bure kwanza. Ukikosa, nunua nyota tupu kwa bei ya nyota tupu, au nakala ya wazi. Vibao adimu, nyota za marubani na nishani za masultani waachie wenye fedha ya kupoteza. Na yule anayesema mtalii anakuja kesho, mwambie amuuzie mtalii.